Kazi ya Kukaa Tu

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa nyoosheni migongo niwaone nyuso.

Hamwezi? Nilijua. Kila nikitoka sokoni napita hapa kibandani kwenu, Mlabani, nawakuta mmejikunja juu ya simu za watu kama kambale wa kukausha, mkia mdomoni. Mmoja amekalia ndoo ya rangi aliyoipindua. Mwingine kreti la bia. Stuli nzuri ndefu ya mninga ipo pale nyuma, hakuna anayeikalia, mmeitwisha ndoo ya maji. Na wewe Gasto, mjukuu wangu wa damu, ndiyo usiseme. Umenunua kiti cha kuzunguka, kizuri kweli, halafu umekiacha na nailoni yake ya dukani. Unateleza, jasho linakutoka mgongoni, nikikuuliza unaniambia, "Bibi, nikiitoa kitachafuka." Kichafuke! Kiti kimetengenezwa kikaliwe. Au wewe makalio yako ni ya kukodi?

Hizi nailoni zimewaloga. Pikipiki imezeeka, matairi vipara, siti bado imevaa nailoni yenye matundu. Rimoti ya runinga imevishwa nailoni hadi namba hazionekani. Mnatunza upya wa kitu mpaka kitu chenyewe kinakufa bila kutumika. Nami nikisema mnacheka, mnasema bibi Generoza ana maneno. Ninayo, na leo mtayasikia, maana nimeona nailoni ikimfukuzisha mtu kazi.

Miaka ya tisini hapa Ifakara palikuwa na karakana ya mradi mmoja, jina lake halitusaidii kitu. Tulikuwa tunaunganisha kontrola. Kontrola ni kisanduku kinachokaa kati ya sola na betri, kinazuia betri isivimbiwe wala isife njaa. Visanduku vyetu vilipelekwa kwenye zahanati za bondeni ambako nguzo za umeme hazikuwa zimefika, wauguzi wapate taa. Tuliokuwa mezani wengi tulikuwa wanawake. Kazi yetu ilikuwa kulehemu vijidude kwenye bodi, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mnajua tulivyochekwa? Bondeni huku mtu akisema amechoka, ametoka kupalilia mpunga, matope yamefika magotini. Mimi nilikuwa narudi nyumbani shingo imekaza, siwezi kugeuka, mama yangu ananipandisha na kunishusha kwa macho.

"Umetoka wapi?"

"Kazini, mama."

"Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nimekaa, nalehemu."

"Umekaa! Kutwa nzima umekaa, halafu unataka nikukande mgongo? Mtembea bure si sawa na mkaa bure, mwanangu. Shika mchi huo."

Nikashika mchi. Ungefanyaje?

Neno lenyewe ndilo lilituponza. Mtu aliyekaa, kwetu, hana kazi. "Fulani yupo tu, amekaa." Basi ukiumwa mgongo kwa kukaa unaona hata aibu kusema. Leokadia, rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa naye meza moja, alikuwa anadondosha risasi ya kulehemu makusudi, apate sababu ya kuinama kuiokota na kujinyoosha. Mwanamke mfupi, mikono myepesi, ulimi mwepesi zaidi. Lehemu yake ilikuwa inang'aa, safi, unaweza kuitia sikioni kama hereni ukaenda nayo kanisani.

Mwalimu wetu alikuwa Fundi Festo, mzee aliyetumikia mitambo ya umeme Kidatu hadi akastaafu. Siku ya kwanza alituambia, "Umeme mnaoujua ninyi unatembea kwenye waya. Upo mwingine unakaa. Unakaa mwilini mwako, kwenye sweta lako la mtumba, kwenye kiti. Huuoni. Ukigusa chipu unashuka wote kwa mkupuo, chipu imekwenda. Au isife leo, ikaugua tu, ikafia huko ilikopelekwa."

Leokadia akadakia, "Kumbe na umeme nao una kazi ya kukaa tu, kama sisi?"

Tulicheka. Fundi hakucheka. "Na huo unaokaa ndio unaoua hapa," akasema. "Kwa hiyo asiwadharau mtu."

Akatuvalisha mkanda wa mkononi wenye waya. Waya unakwenda kwenye mkeka wa mpira juu ya meza, na mkeka unakwenda kwenye chuma cha ethi kilichozamishwa ardhini nyuma ya karakana. Umeme uliokaa mwilini mwako unashukia huko polepole, kwa adabu. Sisi mkanda ule tuliuita pingu. Kwa nini pingu, wenyewe mnaelewa: umefungwa kutwa, ukitaka kwenda chooni ujifungue kwanza.

Msimamizi wetu, Bwana Kasian, hakuamini umeme wa kukaa. Huyo alikuwa na kalamu tatu mfukoni na sikumbuki kumwona akiandika. Siku moja wageni walikuja, akavaa pingu mbele yao kuwaonyesha, na ule mwisho wa waya akaubana kwenye mkanda wa suruali yake. Amejifunga mwenyewe kwa mwenyewe! Amesimama hapo anaeleza usalama wa kazi, sisi tunajiuma midomo. Leokadia akaninong'oneza, "Leo hatoroki, amejikamata."

Lakini nilikuwa nawaambia habari za kiti. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnapoharibu. Meza zetu zilitoka ng'ambo, ndefu, zimetengenezewa watu wenye miguu ya korongo. Fundi Festo akasema meza haipimwi kwa futi, inapimwa kwa kiwiko. Unakaa. Nyayo zikanyage zote, zisining'inie. Mabega uyaache yaanguke yenyewe. Kiwiko kikija sawa na meza, au juu yake kidogo, hapo ndipo pako. Bodi ikufuate wewe, uinyanyue juu ya kibao ije karibu na macho, wewe usiifuate bodi. Ukiifuata bodi na pua, jioni shingo itakudai.

Alimwita seremala, akatukalisha mmoja mmoja juu ya matofali, anaongeza, anapunguza, hadi kiwiko kikubali, ndipo seremala akakata miguu ya stuli. Kila mtu na yake, ya mninga, juu imefungwa kipande cha kanga ya pamba. Ya Leokadia ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote na ina ubao wa kukanyagia, kwa sababu yeye ndiye mfupi kuliko wote. Usicheke Gasto, fikiri kwanza. Meza ni ileile. Mfupi ndiye anayehitaji kiti kirefu.

Halafu kulikuwa na mambo ya maji. Fundi aliamuru chuma cha ethi kimwagiwe maji, udongo usikauke. Sawa. Lakini aliamuru kimwagiwe kopo moja moja, kutwa, kwa zamu. Unalehemu, zamu yako inafika, unavua pingu, unachota kopo, unazunguka nyuma, unamwaga, unarudi. Nikaona mzee amechakaa akili. Nikamuuliza, "Baba, si tumwage ndoo moja asubuhi yaishe?"

Akatazama mlango kwanza, kisha akasema taratibu, "Ndoo moja inaitosha ethi, Generoza. Haiitoshi migongo yenu. Nikisema mnyanyuke mpumzike, Kasian atasema mmekaa tu na bado mnapumzika. Nikisema mnamwagilia ethi, atabisha nini?"

Mnaona mtu mwenye akili? Tulipata pumziko lililovaa nguo za kazi. Shingo zililegea. Mimi nikarudi nyumbani nikatwanga bila kuambiwa, mama akashangaa.

Macho ya Fundi Festo yakaanza kufifia, akarudi Kidatu kwa watoto wake. Akaondoka Fundi, akabaki Bwana Kasian. Kobe akipewa mbawa, jamani!

Mara tukasikia wafadhili wanakuja kupiga picha. Bwana Kasian akaziangalia stuli zetu, akasema zinatia aibu, zinafanana na za kilabuni. Akaagiza viti vya sponji vyenye mikono. Vikashushwa stesheni, vikaletwa kwa mkokoteni, vimevikwa nailoni nzito inayong'aa. Tukajua sasa itatolewa. Thubutu!

"Asiguse mtu nailoni! Wageni wakija wavikute vipya."

"Wageni wanakuja lini, Bwana Kasian?" Leokadia akauliza.

"Watakuja."

Mkewe akavifumia vitambaa, vikatandikwa juu ya nailoni. Stuli zetu zikapelekwa kwenye kilabu cha pombe cha shemeji yake, kumbe kweli zilifanana. Na zamu za maji akazifuta. "Mnatembeatembea na makopo kama mnamwagilia mchicha. Kazi ya kukaa tu, inawachosha nini?"

Niwaulize, mafundi wangu wa simu: kiti cha sebuleni ukikisogeza kwenye meza ya kazi, nini kinatokea? Unazama. Meza inakufika kifuani, mabega yanapanda masikioni. Mimi mrefu nilijikaza. Leokadia meza ilimfika kidevuni. Akawa hana namna, anaichukua bodi anaiweka mapajani, juu ya gauni, nje ya mkeka. Waya wa pingu haufiki huko chini, basi anauvua. Na jasho na nailoni, anateleza, kila mara ananyanyuka ajivute, anakaa tena, ile nailoni inalia kwaa, kwaa, chini yake. Tulikuwa tunalisikia hilo kutwa. Masika yote hakikutokea kitu, hewa ya Ifakara wakati wa masika mnaijua, hata chumvi inalia machozi. Kiangazi kilipoingia, hewa ikakauka, ethi imekauka, ukivua sweta nywele zinasimama, kontrola zikaanza kurudi zimekufa. Kila mtu alitia alama yake kwenye kisanduku alichokiunganisha, na nyingi zilikuwa na alama ya Leokadia.

Hapa lazima niwaambie kwa nini jambo hili halikuwa mchezo. Leokadia alikuwa amemkimbia mume Mahenge. Mume wa ngumi. Kaka zake hapa walimpokea kwa sharti moja: "Ukiwa na kazi, kaa. Siku huna kazi, tunakurudisha kwa mumeo, hatuwezi kulisha mke wa mtu." Waliyasema mbele yangu, wamekunja nne. Kwa hiyo kila kisanduku kilichorudi kimekufa, yeye alikuwa anaona njia ya Mahenge. Alipungua. Maneno yalimwisha. Kwa mara ya kwanza nilimwona analehemu kiganja kimemfa ganzi, anakipiga mapajani kukiamsha. "Dada Jene," aliniambia, "labda kweli mimi nina mkosi."

Nilimwambia aache upuuzi.

Siku moja asubuhi akaja mkunga kutoka zahanati moja ng'ambo ya mto Kilombero. Amevuka na pantoni, viatu vimejaa tope, kisanduku chetu amekibeba kwenye kikapu pamoja na kuku. Akakitua mezani pwaa.

"Mwenye hiki ni nani?"

Bwana Kasian akakigeuza, akasoma alama. "Leokadia huyu hapa."

"Dada," mkunga akamwambia, "taa imenizimikia mtoto ametokeza kichwa. Nimemalizia na tochi nimeing'ata kwa meno. Unajua kung'ata tochi, halafu unamwambia mtu sukuma?"

"Mtoto?" Leokadia akauliza.

"Mzima. Mama mzima. Taya langu ndilo bovu."

Bwana Kasian akaona hapo ndipo pa kuonyesha ukubwa. Akamwambia Leokadia akusanye vitu vyake, mradi hauwezi kubeba mtu anayehatarisha maisha ya akina mama, kazi ya kukaa tu imemshinda. Kisha akamgeukia mkunga kwa sauti tamu, "Karibu kiti, mama, pole na safari," akamketisha kwenye kiti cha Leokadia, juu ya kitambaa cha kufuma. Mkunga akakaa, akateleza, akajivuta, akateleza tena. Nailoni ikalia kwaa. Akachoka nayo, akanyanyuka, akashika mguu wa chuma wa meza.

Pa! Cheche ikaruka, tuliiona wote.

"Yesu wangu! Kiti chenu kinauma!"

Nikamtazama Leokadia, naye ananitazama. Maneno ya Fundi Festo yalinirudia yote: unakaa mwilini, unakaa kwenye kiti. Nikasema kwa sauti, "Bwana Kasian, umeme wa kukaa huo. Tumeukalia tangu vije viti hivi. Leokadia anaukalia kuliko sote, na bodi iko mapajani."

"Acha imani za kishirikina," akanijibu. Yeye! Mwenye kalamu tatu!

Leokadia hakubishana. Akachukua koleo ya kukatia waya, akaichoma ile nailoni, akaichana kutoka juu hadi chini, kitambaa cha kufuma kikaanguka huko. Akahamia kiti cha pili. Bwana Kasian anapiga kelele, "Mali ya mradi! Mali ya wageni!" na mkunga amesimama na kuku wake anasema, "Chana, mwanangu, chana."

Mnafikiri baada ya hapo aliombwa radhi? Nyie watoto mmelelewa na runinga. Alifukuzwa kazi siku ileile. Si kwa kontrola mbovu tena, hapana, kwa kuharibu mali ya mradi. Viti vikawa vimeshapoteza upya, basi havina maana, vikahamia ofisini kwa Bwana Kasian. Stuli zikarudishwa kutoka kilabuni, sisi wenyewe tukaanza tena makopo ya maji, na kontrola zikaacha kufa. Wafadhili walipofika hatimaye, akawaeleza jinsi alivyoboresha ukaaji wa wafanyakazi. Akapigiwa makofi. Niliona kwa macho haya. Nilimchukia mtu yule, na akiwa hai huko aliko, salamu zangu zimfikie.

Stuli moja tu haikurudi karakana. Siku ile ya kufukuzwa tulipita kilabuni mimi na Leokadia. Tukamkuta mzee mmoja ameikalia ile ndefu, kata ya pombe ya komoni mkononi, miguu juu ya ule ubao, amestarehe kweli. Leokadia akamwambia, "Shikamoo, baba. Naomba ushuke, umekalia kazi yangu." Mzee akashuka, na kusema kweli alishuka kwa huzuni, alikuwa hajawahi kukaa vizuri vile.

Akaibeba kichwani hadi nyumbani kwa kaka zake. Kaka walikuwa wameshasikia. Mkubwa wao ameshatoa baiskeli nje, amefunga mzigo wa nguo za dada yake nyuma. "Twende," akamwambia. "Kazi huna."

Leokadia akaiweka stuli barazani, mbele ya meza mbovu ya kuwekea debe. Akapanda. Akakanyaga ubao wake, akashusha mabega, akatoa redio ya jirani iliyokuwa imekufa siku nyingi, akaifungua.

"Hunisikii? Nimesema twende."

"Nimekaa," Leokadia akasema.

"Nini?"

"Nimekaa, kaka. Mtu akiwa na kazi si mlisema akae? Basi ndiyo hii. Nimekaa."

Yule kaka alisimama na baiskeli yake hadi akachoka yeye aliyesimama. Ile redio ikaanza kuongea. Jirani akaja kuichukua, amekuja na mwenzake mwenye redio nyingine. Jioni nikamwona kaka mtu anafungua mzigo wa nguo, anaurudisha ndani.

Hakurudi Mahenge tena, ila kwa misiba. Baraza lile likawa kibanda, kibanda kikajengwa tofali, akatengeneza redio, halafu kaseti, halafu simu, miaka na miaka, hadi tulipomzika mwaka ule mvua zilipokataa. Shingo yake ilikuwa imenyooka hadi siku ya mwisho.

Sasa ninyi mnadhani kibanda hiki mnachopanga hapa Mlabani kilianza na nani? Gasto, kaitue hiyo ndoo ya maji, uifute hiyo stuli ya watu. Na nailoni hiyo uichane mbele yangu. Halafu njoo ukae hapa, nikupime kiwiko.